Sumaku Haichagui: Nasaha kwa Vijana wa Jego

Vijana wa Jego, na wenzenu wa Vanga, Jimbo, Kiwegu na Majoreni:

Nina neno nanyi kuhusu mchezo mpya ulioingia kijijini kupitia simu zenu. Mmeona video za watu wa Ulaya na Marekani wakisimama juu ya daraja, wakitupa sumaku nzito iliyofungwa kamba, kisha wakivuta: mara baiskeli, mara bunduki, mara sefu. Mwaka 2024 watu wawili huko New York waliopoa sefu katika ziwa la bustani ya umma, wakakuta noti zilizolowa ambazo thamani yake ilikadiriwa kufika dola 100,000. Habari hiyo imeizunguka dunia hadi kufika vibarazani kwetu. Sasa nasikia baadhi yenu mmechangishana fedha ili muagize sumaku, na mnaulizana pa kuanzia: mto Umba, gatini, au mikokoni.

Siji kuwakataza. Kijana anayetamani kujua kilichomo chini ya maji ana akili iliyo macho, na ni afadhali jioni yake iishie ufuoni kuliko kwenye miraa na kamari za simu. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye, nami sitaki kulia. Kwa hivyo nitasema wazi, hata kama maneno yangu yatawapunguzia hamu.

Neno langu ni moja: sumaku haichagui. Hushika msumari na hushika kombora. Hushika chuma kilichotupwa na chuma chenye mwenyewe, chuma cha jana na chuma cha miaka mia tatu. Kuchagua ni juu yenu, na lazima mchague kabla ya kuitupa, maana kitu kikishanasa, mikono hutangulia na akili hufuata nyuma.

La kwanza, kijueni chombo chenyewe. Sumaku inayotumika kwa kazi hii ni ya neodimiamu, yaani mchanganyiko wa madini hayo na chuma na boroni, uliobuniwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ina nguvu nyingi kuliko sumaku nyeusi za spika mlizozoea kuchezea. Hata hivyo nguvu hiyo ni ya vitu vichache: chuma, aina nyingi za chuma cha pua, nikeli na kobalti. Dhahabu haishiki. Fedha haishiki. Shaba nyekundu, shaba ya manjano, risasi na alumini, zote haishiki. Hata bolti nyingi za chuma kisichoshika kutu, zile za mashua za kisasa, sumaku huteleza juu yake tu. Rupia ya fedha ya enzi za wakoloni ikiwa imelala kwenye tope la Vanga, sumaku itapita juu yake bila habari. Rafadha ya shaba iliyomponyoka fundi, vivyo hivyo. Wale wa New York hawakunasa noti. Walinasa sanduku la chuma, na lililokuwa ndani ilikuwa bahati. Kwa hivyo anayeingia kwenye mchezo huu kutafuta utajiri, asiingie. Atakachovua kwa wingi ni misumari, ndoana, vifuniko vya soda, vipande vya bati na springi.

Tena msidanganywe na hesabu za wauzaji. Sumaku inayoandikwa kuwa inavuta kilo 300 imepimwa kwenye bamba la chuma nene, safi na lililonyooka, ikivutwa wima. Chuma cha baharini kina kutu, kimeota makoa, na sumaku hukigusa kwa ukingo tu. Nguvu inayobaki ni sehemu ndogo ya ile iliyoandikwa. Mnaoanza, chukueni ya kadiri, isiyozidi kilo 200, yenye uso mmoja unaovuta. Kubwa zaidi ya hapo itang'ang'ania nguzo ya gati na hamtaing'oa.

Na nguvu hiyo ndogo kwa chuma chenye kutu si ndogo kwa vidole. Sumaku mbili zikirukiana, kidole kilicho katikati hupondeka, na vipande vya sumaku iliyovunjika huruka hadi machoni. Aliyewekewa mashine ya moyo asiisogelee kabisa. Iwekeni mbali na kadi ya benki, mbali na simu, na mbali na dira. Hili la dira nalisisitiza kwa sababu sisi ni watu wa bahari. Kijana akipanda mashua na sumaku ndani ya mfuko, akauweka karibu na dira ya nahodha, sindano itageuka, na usiku wa safari ya Pemba hakuna atakayejua imegeuka mpaka mwamba uwaambie.

La pili, na ndilo zito kuliko yote, ni chuma cha vita. Msidhani mabomu ya mtoni ni mambo ya Ulaya peke yake. Ardhi hii ya minazi na mihogo ilikuwa uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Oktoba 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka kutoka upande wa Tanga yakashambulia Gazi. Mwishoni mwa mwaka huo Waingereza walisogeza askari wao, wengi wakiwa Wahindi na Waafrika wa King's African Rifles, hadi bonde la Umba, wakaweka kikosi Jasini, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Vanga. Januari 18, 1915, jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliwashukia na kampuni tisa za askari. Walipigana mpaka siku ya pili yake. Waliozingirwa wakaishiwa na risasi, wakajisalimisha. Jemadari huyo mwenyewe aliandika baadaye kwamba mapigano hayo yalimgharimu takriban risasi 200,000, na hasara hiyo ndiyo iliyomfanya abadili namna yake ya kupigana. Muda si mrefu Waingereza wakaliacha bonde la Umba. Mwaka uliofuata, Januari 1916, Wavell, afisa wa Kiingereza aliyeongoza kikosi cha Waarabu wa pwani, aliuawa huko Mwele, ndani ya Kwale yetu hii.

Sisemi mto Umba umejaa mabomu. Nasema hivi: jeshi linalorudi nyuma huacha lisichoweza kubeba, na sijasikia aliyepita baadaye kutusafishia mito na visima. Anayetupa sumaku kati ya Gazi na mpaka anaitupa kwenye njia ya majeshi hayo, na inampasa ajue anachoweza kukivuta.

Basi nawapa alama. Kombora la zamani likitoka majini halifanani na la kwenye sinema. Ni bonge la kutu lililoshika kokoto na makoa, pengine urefu wake ni kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Msitazame rangi, tazameni umbo. Ni la mviringo, limenyooka, upande mmoja umechongoka au una kofia iliyozungushwa kwa hesi, na karibu na kitako pana ukanda mwembamba wa kijani unaolizunguka. Ukijani huo ni kutu ya shaba. Kipande cha bomba la maji hakina pete ya shaba kitakoni, wala mhimili wa gari hauna. Mkiona pete hiyo, kazi imekwisha. Gruneti nalo ni dogo, la kutosha kiganjani, na mara nyingi maganda yake yamekatwa miraba miraba.

Msijidanganye kwamba miaka mia moja majini imeiua baruti. Makombora mengi ya Kiingereza ya enzi zile yalijazwa asidi ya pikiriki, na asidi hiyo ikikaa muda mrefu na metali hutoa chumvi zinazolipuka kwa mguso mdogo kuliko baruti yenyewe. Chuma kinazeeka, lakini kilichomo ndani kinazidi ukali.

Mnataka ushahidi wa hapa nchini? Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamasai na Wasamburu 228, kwa ajili ya waliouawa na waliojeruhiwa na mabomu yaliyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi ya majeshi Dol Dol na Archers Post. Wengi wao walikuwa wachungaji, na miongoni mwao watoto. Hawakuwa vitani. Walikuwa malishoni nyuma ya mifugo yao.

Kwa hivyo likitokea, fanyeni hivi. Likiwa bado majini, liacheni majini. Msilibandue kwenye sumaku. Msiligonge kutazama kilichomo, msilikwangue kutu, msilitie guniani, na wallahi msilipakie bodaboda kulipeleka kituoni mkidhani mnawasaidia polisi. Legezeni kamba taratibu, ondokeni nyote, wazuieni watoto, kisha pigeni 999 au 112 na mumpashe chifu habari. Kama limeshafika nchi kavu, libaki hapo hapo lilipo. Sumaku isahauni. Fedha ya kununua nyingine itapatikana, mkono hautaota tena.

La tatu, chuma chenye mwenyewe. Bahari yetu si jalala, hata ikiwa chini yake mna vitu vingi. Mvuvi aliyekatikiwa na kamba ya nanga wakati wa kusi huchukua alama: mnazi ule na paa lile la msikiti, akikusudia kurudi bahari ikitulia. Kijana akiiopoa nanga hiyo na kwenda kuiuza kwa kilo, amemwibia mtu ambaye bado anaitafuta. Madema yanayozamishwa kwa vyuma, minyororo ya kufungia mashua, bolti za gati, mabomba ya maji yanayokatiza mtoni, vyote hivyo vina wenyewe.

Dini yetu imelimaliza jambo hili zamani. Aliyeokota mali iliyopotea anatakiwa aitangaze mwaka mzima. Nanga, spana, mashine ya boti, jembe, chochote chenye thamani: kitangazeni dikoni, kitangazeni baada ya swala, mwambieni mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kusimamia ufuo. Mkifanya hivyo, jina lenu litakuwa zuri kwa wavuvi, na siku mvuvi akiangusha kifaa ndiye atakayewaita mumvulie, tena kwa malipo ya halali. Hiyo ndiyo riziki ambayo sumaku inaweza kuleta Vanga.

Na wapo watakaowajia na mizani. Mnajua kwamba biashara ya vyuma vikuukuu nchini Kenya ina sheria yake ya mwaka 2015, na kwamba kununua na kuuza kunahitaji leseni. Januari 2022, baada ya nguzo kubwa za umeme kuharibiwa na nchi nzima kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta aliisimamisha biashara hiyo yote, ikarudi miezi michache baadaye kwa masharti. Tangu hapo, kijana mwenye gunia la chuma njiani huulizwa alikotoa. Jibu la kwamba nimevua mtoni halimtoshi askari. Anayenunua bila kuuliza chochote hawafanyii hisani. Anawatumia, na siku ya kukamatwa mtakuwa peke yenu. Chuma takataka mlichokusanya kiandikeni kwenye daftari, siku na mahali, mwonyesheni mzee wa kijiji, na kikiuzwa kiuzwe kwa mwenye leseni kwa jina la kikundi.

Mkivuta pikipiki, jueni kuna uwezekano mkubwa iliibwa. Mkivuta bunduki au bastola, msiioshe, msiipige picha ya kujionyesha, msikae nayo hata usiku mmoja. Kuwa na silaha bila kibali ni kosa hata kama imeoza, na pengine ni ushahidi wa damu ya mtu. Iacheni ilipo na muwaite polisi.

La nne, chuma cha wahenga. Hapa jirani ndipo ulipokuwa mji wa Vumba Kuu, makao ya madiwani wa Wavumba. Shimoni na Wasini zilikuwa bandari za majahazi kabla ya babu wa babu yangu. Watu hao walipoteza vyombo, nanga na silaha zao katika maji haya haya. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inasema kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni cha kale, na ni mali ya taifa. Anayekigundua anapaswa kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa na namna alivyokipata. Kwenda kutafuta vitu hivyo kwa makusudi bila leseni ni kosa. Kwa hivyo magofu na maji yanayoyazunguka si mahali pa kutupa sumaku, basi.

Lakini sitaki mwogope sheria peke yake. Nataka mwelewe sababu yake. Mwaka 1697, Ngome ya Yesu ikiwa imezingirwa na Waomani, meli ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama chini ya kuta zake huko Mombasa. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi, wakiongozwa na Robin Piercy pamoja na Makumbusho ya Taifa, waliifukua kwa kipimo. Kila kitu kilichorwa mahali kilipolala kabla ya kuinuliwa. Na walipomaliza, mbao za meli yenyewe waliziacha chini na kuzifukia tena, kwa sababu mchanga wa bahari unazihifadhi kuliko hewa.

Chuma nacho kiko hivyo hivyo. Kikikaa karne nyingi baharini, chumvi huingia hadi moyoni mwake. Siku unapokitoa kinaonekana kizima. Ukikiacha juani, baada ya siku chache huanza kutokwa na matone ya rangi ya kahawia, kisha ufa mwembamba, kisha ngozi yake hubanduka vipande vipande, mpaka nanga iliyodumu miaka mia tatu inakuwa rundo la kutu uani kwenu. Mafundi wa makumbusho hukilowesha kwenye maji ya dawa na kukipitishia umeme kwa miezi, pengine miaka, kuitoa chumvi hiyo. Ninyi hamna vifaa hivyo, wala mimi sina. Kitu cha kale kikinaswa kwa bahati mbaya, kirudisheni majini pale pale, wekeni alama, na mpige simu Ngome ya Yesu. Kama kimeshatoka, kikae ndani ya ndoo ya maji mpaka wao wafike.

Mkienda Mombasa, simameni mbele ya ngome hiyo mtazame mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg. Meli hiyo ilizamishwa kwenye delta ya Rufiji Julai 11, 1915. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake yote 10, wakaitengenezea magurudumu, wakaendelea kuulia watu bara. Chuma kilichotoka majini kilirudia kazi yake ileile. Nami nataka kila mnachokitoa majini kimfae mtu.

La tano, maji yenyewe. Umba hautoki hapa, unatoka milima ya Usambara. Mvua ikinyesha huko, sisi Jego jua linawaka, na baada ya muda mto unakuja na magogo. Watu wa Vanga na Kiwegu, waliokwisha kuhama nyumba zao kwa mafuriko, wanajua ninachosema. Msisimame ukingoni wakati wa masika. Mna mamba mtoni, na kijana aliyeinama akiitazama kamba yake hatazami kitu kingine. Baharini, siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wa mlango wa mto huvuta mtu mzima kama hana miguu. Fuateni maji mafu, wakati wa mchana, na pasiwe na mtu peke yake.

Huko kaskazini ya Uingereza, mwaka 2018, baba na mwanawe waliokwenda kuvua kwa sumaku walikutwa wamekufa ndani ya mfereji. Mfereji si bahari, wala hauna mkondo. Pale penyewe shirika linalosimamia mifereji ya Uingereza na Wales haliruhusu mchezo huu. Mwenzenu akianguka, msimrukie. Mtupieni dumu tupu lililofungwa kamba. Dumu hilo liwepo kila mnapokwenda, kabla hata ya sumaku.

Na Kwale yetu ina kichocho. Madaktari wamekichunguza Msambweni kwa miongo mingi, na chanzo chake ni maji baridi yaliyotulia, yenye konokono. Msisimame ndani ya bwawa au ukingo wa mto mkivua. Tupeni kutoka nchi kavu. Anayeona damu kwenye mkojo aende zahanati, asione haya. Mkikatwa na chuma, osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha nendeni mkachomwe sindano ya pepopunda. Kutu yenyewe si ugonjwa. Vijidudu vya udongoni vilivyoshika chuma hicho ndivyo vinavyoua, nao huingia hata kwenye tundu dogo la msumari.

Sasa, mwenye nia njema aanzeje? Aanze kwa ruhusa. BMU ya Vanga ina kazi ya kulitunza diko, na diko limejaa misumari na ndoana zinazochoma miguu ya wabeba samaki na watoto. Nendeni kwa mwenyekiti mkamwambie: tupeni siku, tulisafishe diko kwa sumaku. Hapo mtajifunza kutupa, kuvuta na kukagua, mahali penye watu, penye kina kifupi, na kila mnachokitoa ni faida kwa kijiji. Msianzie mikokoni. Kuburura chuma kwenye mizizi na miche ni kuiharibu misitu ambayo Vanga, Jimbo na Kiwegu wanaitunza kwa mradi wa Vanga Blue Forest, kama wenzao wa Gazi walivyotangulia mwaka 2013 na Mikoko Pamoja. Msiende Kisite-Mpunguti, ile ni hifadhi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Wala msitupe kwenye matumbawe na majani ya bahari, ndiko samaki wengi wanakokulia.

Vifaa ni vichache. Kamba ya nailoni yenye unene wa milimita 8 au zaidi, urefu mita 20. Glavu nene za ngozi. Viatu vilivyofunika vidole. Ndoo ya kutilia vyenye ncha. Kikazeni kijicho cha sumaku, yaani skrubu yenye tundu la kufungia kamba, kila siku kabla ya kutupa, kwa maana hulegea kwa kuzungukazunguka, na kamba itarudi peke yake. Mwisho wa kamba fungeni kwenye mti au nguzo imara, kamwe si mkononi wala kiunoni. Ikinasa, msiivute kwa pikipiki: nailoni iliyokazwa ikikatika hurudi kwa kasi ya kutoa jicho. Ivuteni kutoka upande mwingine, au ngojeni maji yageuke.

Mkiizamisha mchangani, itatoka na ndevu nyeusi. Huo ni mchanga wenye madini ya chuma na titani, wa jamii ile iliyochimbwa Maumba na Nguluku mpaka mwisho wa mwaka 2024, ambako ilmenaiti ilitenganishwa kwa sumaku kubwa za kiwandani. Ifungeni sumaku kwenye mfuko kabla ya kutupa. Mkiitoa ndani ya mfuko, mchanga wote huanguka wenyewe. Na mfuko huo msiuache majini. Jioni ioshwe kwa maji baridi, ifutwe, ipakwe mafuta, maana maji ya chumvi hula ile ngozi ya nikeli na sumaku huoza ndani.

Wazee wenzangu nao nina neno nao. Tusiwafukuze vijana hawa ufuoni. Twendeni nao. Sisi ndio tunaojua nani alipoteza nanga wapi, wapi palikuwa na gati ya zamani, wapi wazee walitukataza kuchimba na kwa nini. Elimu hiyo tukiinyamazia, wao wataitafuta kwa sumaku, na watalipa kwa viungo vyao.

Vijana wangu, masharti yangu ni haya: ruhusa kwanza, wawili au zaidi kila mara, dumu la kuokolea kando yenu, chenye mwenyewe kirudi kwa mwenyewe, cha kale kibaki kilipo, na chenye pete ya shaba kisiguswe. Aliye tayari kuyashika yote sita aende kwa mwenyekiti wa BMU kesho, na dua yangu iko pamoja naye. Anayekataa hata moja, airudishe sumaku dukani.